Tuta la Mama

Mtu akiniuliza kaka yangu aliuawa kwa nini, nasema shamba. Neno shamba lina heshima yake. Anayelisikia anafikiria ekari na ekari, hati, ng'ombe, trekta. Anatikisa kichwa na kusema pole dada, ardhi imeua wengi. Mimi naitikia. Siwezi kumwambia kwamba kaka yangu mkubwa alimuua mdogo wake wa ziwa moja, kwa ajili ya tuta moja. Tuta moja, jamani! Mtoto wa darasa la pili analivuka bila kukimbia.

Lazima nieleze tunavyolima, maana bila hivyo hamtauelewa upuuzi wetu. Sisi tunalima matuta, na kila mwaka tunayapasua. Unalaza majani kwenye mfereji, unavuta nusu ya tuta la kushoto na nusu ya tuta la kulia, unafunika. Palipokuwa mfereji panakuwa tuta, palipokuwa tuta panakuwa mfereji. Baba alipowagawia kaka zangu shamba la nje ya Ntalikwa, aliwaonyesha mfereji mmoja katikati: huku wako, kule wa mwenzako. Mwenyekiti wa kitongoji akamshauri apande mikatani, ile mikonge, mpakani. Baba alikasirika kweli kweli. Mikatani unapanda kati yako na mtu baki. Ukiipanda kati ya watoto wa tumbo moja umewaita wezi. Basi mpaka ukabaki mfereji, na mwaka uliofuata mfereji ule ukawa tuta. Sasa la nani? Baba akasema la mama yenu. Mwaka wa mfereji ni mpaka, mwaka wa tuta mama anapanda karanga zake. Tulicheka sana siku hiyo, tukaona mzee ana akili.

Na kweli ilikwenda vizuri mpaka baba alipofariki. Macho ya mama yakaanza kumsumbua, nikamleta mjini, akae kwangu karibu na hospitali, nikishona huku namwangalia. Mvua za kwanza zikamkuta huku, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa tuta. Hakuna aliyemkumbuka. Kaka mkubwa alisema tuta ni lake, udongo mwingi umetoka upande wake, mdogo akasema mbona umetoka wangu. Watu wazima, wenye ndevu! Mke wa kaka mdogo, wifi yangu, alikuwa anawapelekea uji. Alimwona shemeji yake akiinua jembe na kumpiga mumewe kwa mpini, pigo moja, kichwani. Hakurudia. Alilitupa jembe, akakaa chini udongoni, akaanza kumbembeleza mdogo wake aamke.

Mahakama Kuu ikamhukumu kaka mkubwa kunyongwa. Mkewe alifunga mizigo akarudi kwao, sikumlaumu. Mama akarudi kijijini kuishi na wifi na wajukuu wake wanne. Kaka akakata rufaa, na tukakaa miaka tunasubiri.

Tulipoambiwa rufaa itasikilizwa hapa hapa Tabora, mama alikuja kwangu na maneno yake tayari. Aliamini ni kama baraza la kata, kila mwenye uchungu atasimama aseme. Mimi na ujanja wangu wote wa mjini niliamini hivyo hivyo. Alikaa jikoni akiyarudia, kwa Kinyamwezi kwanza, kisha kwa Kiswahili, huku nikimrekebisha.

"Waheshimiwa, mimi nimewazaa wote wawili. Nawaomba msimnyonge." Akachochea mkaa. "Na msimrudishe."

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Mke wa marehemu ameshasema. Huyu akirudi, yeye anachukua watoto anakwenda kwao Lusu. Ana kosa gani? Mimi nibaki na aliyeua, niwakose watoto wa aliyekufa?"

Nilishtuka, lakini si kwa sababu alikuwa mkatili. Maneno yale yalikuwa yangu. Nililala nayo, niliamka nayo, nilishona nayo sare za shule za watoto wa watu, na sikudhani kuna mwingine anayeweza kuyatamka. Niliona haya, na papo hapo nikapumua.

Mahakamani tulikaa benchi la nyuma, mama katikati yangu na wifi. Askari magereza wakamwingiza kaka. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alitutafuta kwa macho, na mimi nikajifanya natazama feni darini. Mawakili wakaanza kuzungumza mbele ya majaji watatu, sauti za chini, makaratasi yanafunuliwa. Kisha jaji mmoja, mwanamama mwenye miwani, akamkatisha wakili wa serikali.

"Hilo eneo lenye mgogoro lilikuwa na ukubwa gani?"

Wakili akapekua. "Tuta moja, mheshimiwa."

"Matuta mangapi?"

"Moja."

Jaji akavua miwani. Karibu yetu mtu akaguna, na mwingine akacheka kwa pua, kile kicheko cha kujizuia. Mungu wangu! Nimeaibika mara nyingi maishani, kanga imewahi kunidondoka sokoni watu wakashangilia, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke nizame. Ukoo mzima tulivuliwa nguo mbele za watu. Nilimchukia kaka aliye kizimbani, nikamchukia na marehemu, ndiyo, na marehemu pia, kwa kushindwa kusema chukua basi, tuta lenyewe hili.

Hapo mama akasimama. Maneno yote ya jikoni yalikuwa yamemtoka. Alisema kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba:

"Hilo tuta lilikuwa langu!"

Karani akamjia mbio. "Mama, kaa chini. Hapa wanasema mawakili tu."

"Lakini ni langu. Nilikuwa napanda karanga. Niulizeni."

Jaji alimtazama kwa upole, akasema jambo hilo halimo katika kumbukumbu za kesi. Ni kweli halikuwemo. Hakuna aliyetuuliza, na sisi wenyewe hatukulisema, si kwa polisi wala Mahakama Kuu, kwa sababu kulisema kungekuwa kukiri kwamba wote tulijua na wote tulisahau. Mama akakaa. Wifi alimshika mkono, hakuuachia mpaka majaji walipoinuka.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye, asubuhi, tukiwa watatu vile vile. Nilishika vipande tu: ugomvi wa ghafla, pigo moja, jembe alilokuwa nalo kwa ajili ya kazi. Hakukusudia kuua. Adhabu ya kifo ikafutwa, akapewa kifungo cha miaka ile ile aliyokwisha kukaa ndani, na aachiliwe. Mama mmoja nisiyemjua akanishika bega. "Hongera, mwanangu, Mungu ni mwema." Nikasema amina. Wifi alikuwa ameshasimama. Alimwambia mama taratibu, bila hasira yoyote, "Mimi nawahi gari, mama, nikafunge vitu vya watoto." Akatoka. Mama aliutazama mlango alioupitia, na kwa macho yale sijui aliona nini.

Kaka alitoka kwenye geti la gereza mchana, na mfuko wa rambo mkononi. Alipiga magoti vumbini. "Shikamoo, mama." Mama akampapasa kichwa, masikio, mabega, machozi yanamchuruzika. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alirudia hivyo mara kadhaa, halafu akageuza uso upande wangu, na nikajua kazi imeniangukia mimi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umezeeka wewe," akasema, akajaribu kucheka. Kisha akaacha. "Twende nyumbani. Sitakaa, najua siwezi kukaa. Nataka nikapige magoti kwenye kaburi la mdogo wangu, na nimwombe mkewe radhi, hata akinitemea mate. Baada ya hapo mtaniambia mnavyotaka."

"Treni ya kupita Kaliua ipo leo jioni," nikasema. "Kule wanatafuta watu wa kazi kwenye mashamba ya tumbaku."

Alinitazama. Nilikuwa na mama tangu asubuhi, kutoka mahakamani mpaka pale getini, na hilo alilijua.

"Umejuaje kwamba ipo leo?"

Mama akaacha kulia. Ningeweza kudanganya, mimi si mgeni wa uongo, lakini hakuna uongo ulionijia. Nilikuwa nimekwenda stesheni jana yake, hukumu haijasomwa, nikakata tiketi ya kwenda tu, kwa jina lake. Niliitoa kifuani nilikoificha, imelowa jasho, nikamnyooshea.

Kaka yangu mkubwa akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante.