Hedifoni zote za Mama Zuhura zina besi

Jamani, nimetoka Makambako na hedifoni mpya, na sijui nimenunua nini.

Nilitaka za kusikilizia ile rekodi ya zamani ya kwaya yetu ya Lupembe. Sauti za juu zisikike safi, ila besi isipotee. Besi yenyewe ni marehemu kaka yangu Tito. Tulikuwa tunasimama bega kwa bega.

Mama Zuhura mwenye duka akanipa za kwanza, nikazichomeka kwenye simu yangu yenye ile rekodi. Besi ipo!

Za pili, ipo.

Akanipa hadi vile vidogo vya kuchomeka masikioni. Ipo tele!

Nikachanganyikiwa. Kama zote zinayo, nachaguaje?

Nikavua ili nimuulize. Loo! Duka zima linanitazama. Mama Zuhura kashika kiuno, anacheka hadi machozi.

"Kaka, besi si wewe mwenyewe? Unaunguruma humu tangu umevaa!"

Nikabisha. (Ila wanakwaya mnanielewa. Wimbo ukianza, mdomo unajiendea wenyewe.)

Nikavaa tena, safari hii nimejiziba mdomo kwa kiganja. Soprano zinang'aa. Besi, kimya. Nikarudia zote, moja moja. Kimya.

Nikachukua zile za kwanza, basi tu.

Sasa niko nyumbani, na nyie niambieni ukweli: miaka yote hii nilikuwa namsikia Tito, au nilikuwa najisikia mwenyewe?

Maana nimejaribu tena sasa hivi. Nikinyamaza, hayupo.

Nikiimba, huyu hapa begani.