Talaka Tatu kwa Gari Moja

Kila Ijumaa, kwenye soko la magari makuukuu la Kairo, dalali mmoja huegemea mlango uleule wa gari lilelile, maana akiondoka tu hufunguka wenyewe. Mutawalli, aliyetaka gari la kumpeleka mamake kusafishwa damu, aliweka sumaku ubavuni mwa gari hilo, aone kama ni chuma. Ikaanguka. Chini ya rangi palikuwa na lipu tupu, kama ukuta.

"Sumaku yako mbovu, mhandisi wangu," dalali akasema, akiipapasa boneti kama shavu la bibi harusi. "Halijawahi kugongwa hili. Mke wangu talaka tatu kama naongopa!"

Mutawalli akalegea. Nani angeiweka ndoa yake rehani kwa ajili ya mlango? Akamnong'oneza muuza chai aliyekuwa akipita: "Maskini, kuapia hadi ndoa! Ana watoto wangapi?"

"Watoto watoke wapi? Kila Ijumaa anaacha mke, na hajaoa hata mmoja."