Treni Imefika Wapi?

Mji wa Mahajanga haujawahi kuwa na reli. Nalisema mapema msije mkanilaumu baadaye. Bandari unayo, siku hizi una bajaji tele, una vigari vinavyovutwa na watu kwa miguu, una joto la kumkausha mtu kama samaki wa chumvi. Reli, hapana. Ndiyo maana baba yangu alipoapa, kila aliyemsikia alielewa mara moja kwamba mzee anasema harudi tena.

Aliapa gatini, mwishoni mwa miaka ya sabini, mwaka ule sisi watu wenye asili ya Komoro tulipotolewa mbio mjini. Hayo sitayasimulia. Aliyekuwapo anayajua, na asiyekuwapo ashukuru. Walituambia turudi kwetu. Baba alizaliwa Mahajanga, na baba yake pia. Komoro yenyewe alikuwa ameiona kwenye stempu za barua. Basi tukapanda boti ya kwenda Nosy Be, ambako ami yake alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari. Mguu mmoja ukiwa gatini na mwingine botini, baba akageuka, akautazama mji, akasema, "Wallahi sirudi hapa, mimi wala wa nyumbani kwangu, ila siku tutakayoingia kwa treni!" Nilikuwa na miaka minane. Niliona ni ahadi nzuri sana, maana nilikuwa sijawahi kupanda treni.

Mama alikuwa bado anautazama mji. Mama yake, bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita koko, alikuwa amebaki nyuma. Koko alikuwa mtu wa pwani wa mchanganyiko wa zamani, Mwarabu kidogo, Mmalagasi kidogo, kwa hiyo waliofukuza watu hawakujua wamfukuze aende wapi. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Tangu siku ile mama alitaka jambo moja tu duniani: amwone mama yake, na mama yake amwone yeye, kabla macho yale hayajazimika.

Sasa tazama mambo ya Mungu. Nosy Be, kisiwa unachoweza kukizunguka kwa siku moja na ukarudi kula nyumbani, ndiko kulikokuwa na treni! Ilikuwa ya kiwanda, ya kubebea miwa, injini ya mvuke fupi yenye kelele kuliko nguvu, na mabehewa ya chuma yaliyo wazi juu. Reli ilikuwa na matawi matatu. Moja lilikwenda mtoni, moja lilikwenda vilimani, na la tatu liliitwa tawi la Andilana kwa sababu halikufika Andilana. Liliishia katikati ya shamba la miwa, na aliyetaka kufika ufukweni alishuka akaendelea kwa miguu. Baba aliajiriwa kuchochea moto, na baada ya miaka miwili akawa dereva. Kila siku alikwenda kwa treni na kurudi kwa treni, na wala hakusogea hata hatua moja kuelekea Mahajanga.

Niseme hapa kwamba nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na mbele ya wakubwa wa kiwanda Kifaransa cha kuokoteza. Kiswahili hiki nimekipata ukubwani kwa kuolewa Zanzibar, kwa hiyo wote humu wanisamehe kwa kuwasemesha lugha isiyo yao.

Msidhani kiapo kile hakikuwa na dawa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia baba mapema kabisa, "Kiapo kina kafara, bwana. Lisha maskini kumi, na kama huna uwezo, funga siku tatu, yaishe." Baba akavimba. Ati yeye si mtu wa kulichezea jina la Mungu. Lo! Mtu ambaye kila alfajiri mama alimvuta shuka mara tatu ndipo aamke kusali! Lakini kwa hili alikuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Nilikuwa nikimchukia siku hizo, na sioni haya kulisema.

Koko naye alituma salamu. Kila boti iliyotoka Mahajanga ilikuja na baharia mmoja aliyepita kwetu, akanywa chai, akasema maneno yale yale: "Mama anamuuliza mkwe wake, treni imefika wapi?" Baba alijibu kwa uzito, na hakutania hata kidogo. "Mwambie bado wanapima." Mwaka mwingine: "Mwambie mataruma yameagizwa." Mama alikuwa akienda jikoni majibu yalipoanza, na sufuria zilisikika mpaka kwa jirani.

Halafu yakaja mambo ya kisasa. Walikuja mabwana kutoka mji mkuu, wana kofia ngumu na kalamu mifukoni, wakasema reli yetu itafanywa mpya. Kwanza walipaka rangi kibanda cha stesheni, ambacho hakijawahi kupokea abiria. Kisha wakatundika ofisini ramani ya nchi nzima, na baba akarudi nyumbani siku hiyo jasho likimtiririka kwa furaha.

"Wameichora! Reli ya Mahajanga wameichora!"

"Wameichora vipi?" mama akauliza.

"Kwa nukta."

"Haya," mama akasema. "Tutapanda nukta."

Mwaka uliofuata ikaletwa injini ya dizeli, nyekundu, inang'aa, na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hata walioileta hawakuijua. Watu tulijipanga pembeni mwa reli na watoto migongoni. Dizeli ikaunguruma, ikatembea kama hatua mia, ikazama. Mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli, yalikuwa yameliwa na mchwa miaka na miaka, yakivumilia kainjini ketu ka mvuke kwa heshima tu. Dude lile jipya lilikuwa zito mno kwao. Baba akaenda kuwasha injini yake kuukuu, akalivuta lile jekundu kutoka shambani, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka wale mabwana wakavua kofia zao wakajifanya wanajipepea. Wiki nzima baba alitembea kifua mbele.

Haikumsaidia. Miaka michache baadaye mambo ya kisasa yalifika kileleni, yaani treni ikafutwa. Yakaja matrekta. Baba, dereva, akawekwa katika kundi la kung'oa reli, akaanza na tawi la Andilana, akiling'oa kutoka mahali lilipokuwa halijafika. Vyuma vyote, pamoja na mabehewa, vilikuwa vimeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huyo alikuwa wapi? Mahajanga.

Siku habari hiyo ilipotufikia, mama alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini, akajifunga shiromani yake, ile nguo yetu ya kujitanda, akaniambia, "Wewe, nifuate." Tukaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa chuo. Mama hakukaa.

"Mwalimu, nina swali. Behewa likipakiwa kwenye tishari, limesimama juu ya reli, watu wamo ndani, likaingia bandarini, hiyo ni treni au si treni?"

Mwalimu akakuna ndevu. "Nani analivuta?"

"Tishari linavutwa na boti."

"Ina moshi?"

"Inao, tena mwingi."

"Basi kichwa cha treni kipo." Akafikiri tena, maana alikuwa mtu mwangalifu. "Lakini magurudumu lazima yazunguke. Yasipozunguka, hilo ni sanduku."

Nilitegemea baba afurahi. Alikuwa amepata treni yake, na shahada ya mwalimu juu! Badala yake alikaa kitako kizingitini, akavua kofia yake ya udereva, akaigeuza geuza mikononi. Akasema huenda bahari itachafuka. Akasema mgongo unamuuma. Mama alimwacha aseme yote, kisha akamwambia kwamba koko sasa hatofautishi mchana na usiku. Kesho yake baba akaenda kuomba kazi ya kulinda vyuma safarini, akapewa.

Tukasafiri siku mbili juu ya rundo la reli, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikitapika pembeni mwa ustaarabu wote huo. Behewa letu lilisimama kwenye vipande viwili vya reli alivyovifunga baba mwenyewe, magurudumu yamezuiwa kwa magogo. Mchana wa siku ya pili mji ulipoonekana, tuliingia ndani ya behewa. Mama alikuwa amevaa shiromani safi na kushika kapu la maua ya ilanga-ilanga ya kumpelekea mama yake anuse, kwa kuwa kuona haoni. Tulipopita mdomo wa bandari, mama akapiga kelele, "Sukumeni!" Mabaharia wawili wakaondoa magogo, wakasukuma, huku wakicheka hadi machozi.

Magurudumu yalizunguka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyefikiria habari ya breki. Behewa lilitoka mwisho wa reli, likagonga rundo la mataruma, sisi watatu tukaangukiana na maua yakatumwagikia. Mama alicheka. Ilikuwa miaka sijamsikia akicheka vile, na nilitamani kulia.

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa behewa kwa mikono miwili. Alikuwa anawatazama watu waliosimama gatini.

"Baba, tumefika," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Ni wao wale wale."

Mama akaacha kucheka. Akaushika mkono wake mmoja, akaubandua kwenye chuma kidole kwa kidole. "Hata mimi naogopa," akasema. "Miaka kumi na mmoja nakungoja uniambie."

Ndipo nilipojua, mjinga mimi, kwamba kiapo hakikuwa cha hasira. Mwanamume mzima, mbele ya mke na mtoto, alikuwa ameshindwa kutamka neno moja, akaona ni rahisi zaidi kuidai serikali reli nzima.

Koko alikuwa ukumbini kwake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama akapiga magoti, akauleta uso wake kwenye viganja vya koko. Koko akaupapasa paji, pua, mashavu, akarudia tena. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Tulikuwa tumechelewa kwa jambo hilo, na hakuna kafara yake.

"Na mkwe wangu yuko wapi?"

"Nipo, mama," baba akasema kutoka mlangoni, hajathubutu kuingia.

"Kile kiapo chako nilikufungia mimi siku tatu, mwaka ule ule. Sijui kama inafaa. Sikukuletea habari, nilijua si kiapo kilichokushika." Akageuza uso kuelekea sauti yake ilikotoka. "Treni imefika?"

"Imefika, mama."

"Mbona sikusikia honi?"

Baba akavaa kofia yake. Akaweka viganja mdomoni, akapiga honi ya injini ile ya mvuke, ile ndefu ya kuingia kiwandani, na katikati sauti ikamkatika, akalia wazi wazi mbele yetu. Mtaani madirisha yakafunguka. Majirani wakatoka, mmoja mmoja, wakasimama kutazama nyumba ya koko. Baba akawaona. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akatoka nje barazani, akavuta pumzi, akapiga honi mara ya pili.