Nilificha Sumu ya Muhogo Nikisubiri Jarida

Nianze na ubaya wangu kabla ya sababu zangu, maana nikitanguliza sababu mtanionea huruma, na huruma yenu siistahili. Nilijua kilichokuwa kinalemaza watoto. Nilijua! Nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka jina langu litokee kwenye jarida la madaktari huko Ulaya.

Mimi ni daktari. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa kijana, nafanya kazi hospitalini Mtwara mjini. Lakini kwetu ni kijijini, kando ya Ruvuma, mahali ambapo ukisimama shambani unaiona Msumbiji ng'ambo. Mama alitulea kwa korosho na muhogo, mimi na mdogo wangu wa kike. Mimi nikasoma, yeye akaolewa palepale kijijini. Hapa nitamwita Somoe. Si jina lake, lakini akisoma atajijua.

Mwaka mmoja mvua zilikataa. Mahindi yakafia shambani, mpunga wa bondeni ukanyauka, hata mikorosho ikapukutisha maua. Kilichobaki ardhini ni muhogo mchungu, ule tunaoupanda kwa sababu ngedere na nguruwe hawaugusi.

Katikati ya njaa hiyo, baba mmoja alimleta binti yake hospitalini kwa baiskeli. Alikuwa amemfunga miguu kwa kitenge isiingie kwenye spoku. Nitamwita Mateu. Ni mmoja wa wale ambao wazee wao walivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita, wakabaki huku wakilima.

"Daktari, jana huyu kaenda kisimani kuchota maji," aliniambia. "Leo kaamka, hasimami. Hana homa. Hajaanguka. Nani katufanyia hivi?"

Nilimpima yule mtoto. Si polio, polio hulegeza. Miguu hii ilikuwa imekakamaa kama mbao, magoti yanagongana, vidole vya miguu vimechongoka chini. Akili timamu, mikono mizima. Nikimshika mguu anacheka, anasema ninamtekenya. Hajui bado kilichompata!

Baadaye wakaja wengine, kutoka vijiji vilevile vya bondeni. Watoto, na akina mama wanaonyonyesha. Nilianza kuwauliza kila mmoja: mnakula nini, mnapikaje? Nilipanda lori la Jumamosi nikaenda hukohuko vijijini kuangalia.

Zamani mama zetu walimenya ule muhogo wakauanika muda mrefu, ukawa makopa makavu ya kugongana kama kuni. Ndipo yalipotwangwa. Sumu ilikuwa imeshatoka. Mwaka ule nani angesubiri? Watoto wanalia! Wakawa wanautwanga mbichi, wanauanika asubuhi, jioni wanasonga ugali. Na hakuna dagaa wala kunde za kushushia, muhogo mtupu asubuhi na jioni.

Kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa inafanya hivyo. Kila nyumba! Jirani aliyeendelea kuanika kama zamani, watoto wake wazima.

Nilipoelewa, nilitetemeka. Ningetaka niwaambie kwamba nilitetemeka kwa uchungu. Hapana. Nilitetemeka kwa furaha. Niliwaza: nimepata! Hii ndiyo makala yangu!

Mtu yeyote mwenye akili angekimbia kwa mkuu wake wa kazi. Angesema, bwana, piteni vijijini na kipaza sauti, waambieni watu waanike muhogo vizuri, na serikali ilete mahindi. Kulikuwa na kazi gani ngumu hapo? Lakini nilikuwa nimemwona mwenzangu mmoja akinyang'anywa utafiti wake na wakubwa kutoka Dar es Salaam, akaachiwa shukrani mwishoni kwa herufi ndogo. Nikaapa mimi jambo hilo halitanipata. Kwenye taarifa za hospitali nikawa naandika "udhaifu wa miguu" tu, basi.

Mateu aliporudi kumwangalia binti yake wodini, akaniuliza, "Mmejua ni nini, daktari?"

Nikamtazama machoni. Nikasema, "Bado tunachunguza, mzee."

Nikaanza kuandika. Ofisini kulikuwa na jarida la zamani lililoletwa na daktari wa kigeni, lina ukurasa wa maelekezo kwa waandishi. Niliyafuata kama mtu anayefuata sheria za dini. Pambizo pana, mistari iachane, muhtasari mwanzoni, marejeo mwishoni kwa utaratibu wao. Karani wa ofisi alinipigia kwa tapureta, akikosea herufi moja namwambia arudie ukurasa mzima. Nilimpeleka binti wa Mateu studio akapigwa picha ya miguu. Baba yake alikubali. Alidhani ni sehemu ya matibabu!

Katika yale maelekezo kulikuwa na sharti: mwandishi atie sahihi kwamba kazi hii haijachapishwa popote. Mimi nikalitafsiri nilivyotaka. Nikajiambia, ukimwambia mtu yeyote, umeharibu. Lilinifaa sharti hilo. Lilinipa ruhusa ya kunyamaza huku nikijiona mwadilifu.

Nikaituma kwa rejista, posta ya mjini. Siku ile nilitembea kama bwana harusi.

Sasa sikilizeni unafiki wangu ulivyokuwa. Watu baki niliwanyamazia, lakini dada yangu nilimtafutia sembe. Nilijibana, nikampa dereva wa lori magunia apeleke. Nikamwagiza, mwambie Somoe wale sembe, muhogo waache. Sababu sikuitaja. Nilimjua Somoe. Ukimwambia asubuhi, adhuhuri kisima kizima kinalo.

Alikuja mjini kunishukuru, kaniletea kuku. Tukakaa ukumbini na mke wangu.

"Kaka, asante kwa sembe. Lakini mbona muhogo umeupiga marufuku? Umetulea huo!"

"Nataka mle vizuri tu, basi."

"Haya, mzungu wangu!" Akacheka, akampiga mke wangu begani. "Wifi, mumeo kasahau alikotoka."

Nami nikacheka. Maneno yalikuwa mdomoni, yamekaa juu ya ulimi. Ningesema "Somoe, kuna sumu," ningechukua muda gani? Nikamuuliza habari za shamba.

Jibu la kwanza kutoka kwa jarida lilikuja. Hawakukataa, walitaka marekebisho. Kiingereza kinyooshwe, majedwali yapangwe upya, marejeo yana kasoro. Nilishangilia! Nikajifungia na kamusi. Wagonjwa wapya wanaingia wodini, mimi nabishana na nafsi yangu juu ya koma iwekwe wapi. Kila mgonjwa mpya nilimwongeza kwenye jedwali, na Mungu anisamehe, nilifurahi jedwali linanenepa.

Nikaituma tena. Haukupita muda, Somoe akaja hospitalini. Safari hii hakuja na kuku. Alikuwa kambeba mgongoni bintiye, mkubwa wa kubebwa, miguu inaning'inia imenyooka kama ya meza.

Nilimjua mtoto kabla sijamwona uso.

"Mjomba," yule mtoto akaniambia, "nimeanguka nikienda chooni, sijui kwa nini."

Nikamgeukia mama yake, nikapiga kelele mbele ya wauguzi. "Si nilikuletea sembe? Sembe umepeleka wapi?"

Somoe alinishangaa. "Sembe? Kaka, si tulifiwa! Mama mkwe kafariki, watu wamejaa uani. Ningewalisha wageni muhogo na kaka yangu daktari kanipa sembe? Wangesema nini? Nimewasongea wageni. Sisi tumekula wetu wa kila siku."

"Mmeuanika?"

"Kuanika saa ngapi na msiba ule?"

Jamani! Nilitoka nje, nikashika ukuta. Dada yangu alitoa chakula kizuri kwa heshima ya msiba na heshima yangu mimi, mwanawe akampa sumu. Angejuaje? Kwake muhogo ulikuwa chakula cha kimaskini tu. Mimi ndiye niliyefanya ionekane kwamba tofauti ya sembe na muhogo ni ya hadhi.

Dawa ya ugonjwa ule haipo. Miguu ikishakakamaa imekakamaa. Nilijua, nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo mwenyewe kwa Kiingereza kizuri. Hata hivyo nilimfanyisha mtoto mazoezi, nikampaka mafuta, nikampa vitamini. Somoe ananitazama kwa matumaini! Kaka yake daktari, atashindwaje?

Ndipo ikaja barua ya mwisho. Waliikataa. Mhariri aliandika kwa upole kwamba kazi ni nzuri, lakini ugonjwa huu umeshaelezwa na wengine miaka mingi iliyopita, na chanzo chake kinajulikana, hakuna jipya la kuwafaa wasomaji wao. Siri niliyoilinda haikuwa siri. Ilikuwa imekaa vitabuni, ambavyo sikuwa navyo na sikumuuliza aliye navyo, nisije nikaibiwa.

Mwishoni aliongeza mstari mmoja. Alisema anaamini wanavijiji walishaonywa mara tu chanzo kilipofahamika, na kwamba jarida lao halijawahi kumzuia daktari kufanya hivyo.

Alisema anaamini! Mtu hanijui, yuko mbali huko, kanidhania wema. Barua ile niliichana vipande. Mstari huo naukumbuka hadi leo.

Nilikwenda wodini nikamwita Somoe nje, kwenye benchi la pale pa kufulia nguo. Nikamwambia yote. Nilitarajia atanizaba kofi. Nilitaka anizabe. Alikaa anakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Ulijua kabla hujanipa sembe?"

"Ndiyo."

"Siku ile nakuletea kuku, ulijua?"

"Ndiyo, Somoe."

"Kaka, ungenitukana. Ungesema, we Somoe mjinga, unawalisha wanao sumu. Ningekasirika, ningenuna mwezi. Mwanangu angetembea."

Akainuka, akaingia wodini, akambeba mtoto. Hakungoja hata karatasi ya kuruhusiwa. Nilimfuata hadi getini naita. Hakugeuka.

Ndipo nilipokwenda kwa mkuu wangu wa kazi. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema tu, "Twende." Wiki ileile tukawa vijijini na gari la kipaza sauti. Kijijini kwetu watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Nikaeleza kuhusu kumenya, kuloweka, kuanika mpaka ukauke kabisa. Akina mama wakaniitikia, wepesi kabisa. Hawakubisha. Hakuna hata mmoja aliyesema ni vigumu! "Tungejua," alisema mama mmoja, "tungekula mboga za porini tukingoja ukauke."

Mateu akanyanyua mkono nyuma kule. Akasimama.

"Daktari, nauliza. Hili umelijua lini?"

Mkuu wangu alinitazama. Ningeweza kusema juzi. Nani angenipinga? Nikasema ukweli, nikitumaini utanipunguzia mzigo. Nikasema, "Nilijua wakati binti yako bado yuko wodini, mzee."

Hawakunipiga. Mateu alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayejibu swali lake mwenyewe. Baada ya binti yake kuugua, mdogo wa huyo binti naye alikuwa amelemaa, yuko nyumbani. Mimi sikuwa na habari. Alichukua baiskeli yake akaondoka, na watu wakamfuata mmoja mmoja, mpaka nikabaki na mkuu wangu na dereva na kipaza sauti kinachokoroma.

Imepita miaka. Ukweli haukunipunguzia kitu. Kazini nilipewa onyo, nikahamishwa, nikarudishwa. Masomo ya nje, niliyoota makala ingenifungulia, sikwenda. Makala haikuchapishwa popote, sikuituma tena kokote, na jina langu halisomwi na mtu.

Mpwa wangu sasa ni msichana mkubwa. Anatembea kwa fimbo mbili, magoti yanasuguana mpaka yana sugu. Wenzake wameolewa. Mama yetu alipofariki nilikwenda kuzika. Somoe alinipokea kama anavyopokewa mtu wa serikali: kiti, maji ya kunawa, sahani yangu peke yangu. "Karibu, daktari," akasema. Daktari! Mimi ni kaka yake, tumenyonya ziwa moja. Ningependa angenifukuza.

Nimetuma wazee kuomba radhi. Walirudi na jibu kwamba hana kinyongo, kamwachia Mungu. Anayemjua Somoe anajua maana yake: mlango umefungwa.

Nyie vijana mnaosoma udaktari, mnaohangaika na makala zenu, sikilizeni. Andikeni, sikatazi. Lakini siku utakapogundua kitu kinachowaumiza watu, usilale nacho. Kiseme kisimani, kiseme msikitini na kanisani, kiseme mnadani kwa Kiswahili wanachokisikia wote, halafu ndipo ukakae uandike. Wakikuibia jina, waache waibe! Utaishi bila jina. Mimi naishi bila.

Na usijidanganye kwamba utatubu baadaye yakaisha. Mimi nimetubu mbele ya kijiji kizima, na kesho yake asubuhi watoto wale waliamka na miguu ileile.