Nilifungua Mpira wa Dawa Tumboni mwa Mama

Nimekosa, nasema mbele yenu wote! Lakini msitarajie niwapigie magoti. Machozi yangu niliyamaliza Gulwe, kwenye kaburi la mama.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa kila soko. Mama alivimba tumbo, na kule kijijini kwetu Gulwe wakasema karogwa. Mimi nilikuwa karani Dodoma mjini. Nikamfuata, nikampandisha treni mpaka hospitali kubwa ya Dar. Wakamkuta na saratani, imetapakaa kwenye utando wa ndani ya tumbo.

Kwanza walimchomeka mpira mwembamba tumboni, wakamtoa maji, tumbo likanywea. Nikashangilia! Siku chache baadaye daktari akaja na wanafunzi wake, wakaingiza dawa kwa mpira uleule, moja kwa moja tumboni, wakaufunga kwa kibano. Waliongea Kiingereza kitupu juu ya kichwa cha mama. Mimi hawakuniambia kitu, na wala sikuuliza. Niliogopa kuonekana mshamba!

Nesi alisema tu, "Dada, uwe unamgeuza huku na huku." Akaondoka.

Jamani, tumbo likavimba upya! Mama akawa anahema.

"Mwanangu, napasuka. Nitoe haya maji."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Ng'ombe akivimba tumbo, baba hakungoja mtu. Alimtoboa ubavuni, hewa ikatoka, mnyama akasimama. Hicho ndicho nilichokijua. Nikavuta beseni, nikafungua kibano.

Dawa ikamwagika yote. Mama akashusha pumzi. "Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki."

Nesi aliporudi alipiga yowe. "Umefanya nini, dada? Hiyo ndiyo dawa yenyewe! Ilitakiwa ikae mle ndani iushike ugonjwa!"

Ole wangu! Na mikono yangu ilishaingiza uchafu. Pale penye mpira pakatunga usaha, wakauchomoa, wakasema hawawezi kuweka mwingine. Tukarudi Gulwe. Mama hakuyaona mavuno ya uwele.

Msibani kaka yangu akasimama mbele za watu. "Huyu ndiye kamuua mama!"

Yeye, ambaye hakukanyaga wodini hata kwa bahati mbaya! Nikamjibu palepale: "Kibano nilifungua mimi, na kosa hilo nalibeba. La kutomuuguza mama libebe wewe." Mpaka leo hatusalimiani, na neno lile silifuti.

Ninachojutia ni ule ukimya wangu. Siku hizi nikiuguza mtu, nasimama mlangoni. "Daktari, shikamoo. Hutoki mpaka uniambie dawa hiyo inakwenda wapi na inakaa muda gani." Wananicheka. Wacheke!

Nawe unayeuguza, uliza! Wakikuita mshamba, itika, halafu uliza tena. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja, na mama yangu akanibariki huku namwaga uhai wake kwenye beseni.