Mashine Niliyoiunda Dirah

Kabla ya kuwa dereva nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Nakuru. Nilitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya mabweni. Nilipofika Riyadh mkataba ulisema dereva wa nyumbani, na kwa miaka mitatu mikono yangu haikushika kitu ila usukani. Asubuhi nawapeleka watoto shule, kisha nampeleka madam, mke wa bosi, kwa dada yake, halafu nangoja. Kazi hii kubwa yake ni kungoja. Unakaa ndani ya gari injini ikiwaka kwa ajili ya ubaridi, na vidole vinakuwasha kwa kukosa cha kufanya.

Kwa hiyo mwenzangu wa chumbani aliponiomba nimuundie mashine ya kukamulia, sikuuliza mengi. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja mtaa wa Suwaidi, juu ya duka la mapazia. Yeye alikuwa mlinzi kwenye jengo ambalo halijakamilika, mtu wa kwetu, mpole, aliyeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akisonga ugali. Ijumaa moja baada ya kula alinipa simu yake nitazame picha.

"Ni za kukamua mafuta ya habasoda," alisema. "Kuna mtu Jeddah anataka moja. Za dukani hazimfai. Nimemwambia nina ndugu yangu fundi."

Nilizitazama zile picha kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani. Kulikuwa na ndogo ya kushindilia kwa mkono, nyepesi, lakini chuma chake kilionekana chembamba na niliona kitapinda. Kulikuwa na nyingine inayosukumwa na jeki, ile ya kuinulia gari. Nikamwambia hiyo ya jeki ndiyo mashine, ile nyingine ni mchezo. Katikati yake kulikuwa na mabamba mawili bapa ya kupashwa moto kwa umeme.

"Moto wa nini?" niliuliza.

"Mafuta yatoke haraka."

Nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Nyuma ya masoko ya Dirah, katikati ya Riyadh, kuna karakana ya fundi mmoja Mpakistani, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, ambaye nilikuwa nikimpelekea gari la bosi kuchomelewa ekzosi. Alinikubalia nitumie mashine yake ya kuchomelea Ijumaa jioni. Nilikata vyuma vya fremu, nikavichomelea, nikapima pembe mara tatu. Cheche ziliporuka nilijisikia nimerudi kwenye mwili wangu. Ijumaa ya pili nilifunga springi za kulirudisha bamba la juu, na nilipopiga jeki ikapanda sawasawa, bila kuyumba, nilicheka peke yangu.

Yule mzee alikuja na vikombe vya chai. Akazunguka fremu yangu, akaigonga kwa ufunguo.

"Kazi nzuri, sadiki, rafiki yangu," alisema kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga. "Ya nini?"

"Ya mafuta. Habasoda."

Akainama, akapitisha kidole kati ya yale mabamba. "Mafuta yatadondokea wapi? Mbegu unaitia kwenye silinda yenye matundu. Hapa mafi, hakuna tundu, hakuna silinda. Hapa unabana kitu kama mkate." Aliniangalia kidogo, kisha akanywa chai yake.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikuwa fundi wa miaka kumi na moja na nilikuwa sijaona alichoona mzee kwa mtazamo mmoja. Au niliona nikapita. Jumapili, nikimpeleka madam, niliipita nyumba ya dada yake bila kusimama nikaenda mpaka taa za mbele.

"Leo una nini?" madam aliniuliza kutoka nyuma.

"Hakuna, madam. Usingizi tu."

Siku hiyo nilimngoja mwenzangu atoke zamu. Aliingia, akavua viatu, nami nikamwambia mashine ile haiwezi kukamua habasoda hata tone. Akakaa kitandani, akazifuta nyayo zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Ni ya bangi," alisema mwishowe. "Wanabana maua, utomvu unatoka. Lakini wewe ukikabidhi, unakabidhi chuma tu. Chuma hakina kosa."

"Hapa mtu anaweza kuuawa kwa hiyo."

"Najua."

"Na ukaniingiza mimi humo?"

Ndipo akanieleza. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuishi nchini, alikuwa amefunga kampuni na kupotea, ikama, kibali chake cha ukaazi, ilikuwa imekwisha miezi saba, na yule mtu wa Jeddah alimwahidi kafili mpya. Mashine ndiyo ilikuwa asante yake kwa mtu huyo. Kulikuwa na jambo jingine pia, alilisema akitazama ukuta: alijua wiki ile naipeleka familia ya bosi Jeddah, na gari la familia halipekuliwi sana.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Sikukataa. Nilimwambia nitafikiri, na nikafikiri siku nne. Nilijua kuishi bila ikama kulivyomfanya: akiona gari la polisi alikuwa anageuka kama mtu aliyesahau kitu dukani. Na nilikuwa naipenda ile mashine. Nikiwa nimesimama nje ya shule nilijikuta nikiwaza namna ya kuipunguza uzito ikae vizuri chini ya masanduku, kisha natambua ninachokiwaza, natoka garini, nalizunguka gari, narudi kukaa, natoka tena.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda Dirah nikachukua grainda. Nilianza na mabamba, kisha nikaikata fremu vipande sita. Mzee alinishikia upande wa pili usiruke.

"Halas?" aliuliza, yaani ndiyo basi?

"Halas."

Jeki nilimwachia. Nilipomwambia mwenzangu, alisema, "Umenikata mimi," akageukia ukuta. Asubuhi tuliondoka kwenda Jeddah na hatukuagana.

Siku ya tatu Jeddah simu yangu ililia. Yule mtu aliyeitaka mashine alikuwa amepewa namba yangu na mwenzangu. Madam na watoto walikuwa wamekaa ufukweni na mikeka yao, nami nilikutana naye kwenye maegesho, mchana kweupe. Nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake cha pwani kitamu.

"Ndugu yangu, vyuma ni vyuma," alisema. "Unda nyingine. Na wewe pia nitakufikiria."

"Kafili wa mwenzangu ni nani?"

"Yupo."

"Jina lake?"

Akatabasamu. "Mashine ikifika, jina litafika."

"Na wewe kafili wako ni nani?"

Alilitazama gari la doria lililokuwa likipita polepole kando ya bahari, na nikaona bega lake likigeuka, kama mtu aliyesahau kitu dukani. Nikajua. Hakuwa na karatasi hata yeye, sembuse kafili wa kumpa mtu mwingine. Nilimwambia mimi ni dereva, nikarudi kwenye gari nikafunga mlango.

Nilimpigia mwenzangu pale pale nikamweleza nilichoona.

"Basi niende wapi?" aliuliza.

"Ubalozini."

"Watanirudisha."

"Ndiyo. Watakurudisha."

Alikwenda siku mbili baadaye, mimi nikiwa bado Jeddah. Alikaa wiki kadhaa katika kituo cha wanaongoja kurudishwa makwao, kisha akapandishwa ndege. Nilirudi Suwaidi nikakuta kitanda chake kimekunjwa godoro. Mwenye chumba akaniletea mtu mwingine, Mganda asiyesema sana.

Juzi yule mwenzangu wa zamani alinipigia kutoka nyumbani. Analima kwa kaka yake. Aliniuliza kama bado nina hasira naye.

"Sijui," nilimjibu, na ilikuwa kweli. "Wewe je?"

"Kuna siku ninayo," alisema. "Kuna siku nashukuru. Leo nashukuru."

Nilitaka kumuuliza kama kesho itakuwa hivyo hivyo, lakini madam alikuwa anatoka mlangoni na mifuko yake, akisema yalla, twende, tumechelewa, nami nikawasha gari.