Mkaguzi Aliyekagua kwa Sikio

Watu wa Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wameona wakaguzi wa kila namna: wa samaki, wa nyavu, wa leseni, hata wa vyoo. Lakini mkaguzi anayefanya kazi kwa sikio walimwona mmoja tu, naye ni Sydney Ooko wa Kaloleni, Kisumu. Bwana huyu akifika penye mashine husimama mbali nayo, mbali kabisa, kama mtu anayepita penye mbwa asiyemjua. Ataagiza iwashwe. Atainamisha kichwa upande mmoja, atafumba macho, na akishasikiliza kidogo atasema kwa sauti nzito, "Inaongea vizuri." Kisha atatoa mfukoni kibandiko cha kijani kilichoandikwa SALAMA, ampe mwenye mashine akabandike mwenyewe. Kwa kazi hiyo kampuni ya ukaguzi iliyomwajiri ilimpa mshahara, gari, na helmeti nyeupe ambayo tangu inunuliwe haijaonja vumbi.

Usidhani alikuwa mla rushwa. Afadhali angekuwa! Mla rushwa angalau hukitazama anachokiuza, apate kujua bei yake. Sydney hakutazama kitu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sydney hakuna aliyewahi kumwona ameinama chini ya mashine yoyote, iwe ya kusaga mahindi, ya kupasua mbao au ya kuvuta maji. Aliinama kufunga viatu tu, na baadaye akanunua viatu visivyo na kamba.

Siri yake ilikuwa woga. Alipokuwa chuoni alipelekwa kujifunza kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao, na huko akaona mkanda wa mashine ukimkamata mtu mkono. Jambo lenyewe lilikwisha kabla ya yeyote kupiga kelele. Sydney alirudi nyumbani, akalala na homa, na alipopona alikuwa ameapa moyoni kwamba yeye na mashine basi, hawatakaribiana tena. Hapo mtu mwenye akili angetafuta kazi nyingine. Angeuza viatu, angefundisha watoto hesabu, angefuga kuku. Sydney yeye alikwenda kuomba kazi ya kukagua mashine, kwa sababu aligundua kwamba mkaguzi ndiye mtu pekee kiwandani ambaye halazimiki kugusa chochote. Huo ndio ujanja wote aliojaliwa maishani, na aliutumia vizuri.

Mkewe Maryanne alijua. Nyumbani mtungi wa gesi ukibadilishwa, bwana mkaguzi alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kuzungumza na jirani wa nyumba ya tatu. Pasi ikiwashwa alihamia kiti cha mlangoni. Siku moja Maryanne alimuuliza mbele ya wageni, "Baba Shantel, hawa watu wa viwanda wanajua unaogopa blenda?" Wageni wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akamnunia mke wake hadi Jumapili.

Mtu wa namna hii lazima awe na nadharia, maana bila nadharia usingizi hauji. Ya Sydney ilikuwa fupi: mashine haina kosa, kosa ni la mfanyakazi. Mtu akikatwa kidole, ni uzembe. Akiungua, ni uzembe. Akirushiwa kipande cha chuma usoni, alikuwa anatafuta nini hapo? Aliwadharau wafanyakazi kwa moyo wote, dharau safi ya mtu ambaye hajawahi kusimama walikosimama. Na kadiri alivyowadharau ndivyo alivyopata nguvu ya kusimama mbali na kusikiliza.

Basi, Usenge kulikuwa na mashine ya kuponda barafu, mali ya Waswa, mfanyabiashara aliyetoka Bungoma zamani akaoa na kujenga hapo ufuoni. Mabonge ya barafu yaliingizwa juu kwenye mdomo wa mashine, yakasagwa na silinda yenye meno, yakatoka chini vipande vipande vya kupakia samaki. Walioyaingiza walikuwa wanawake, kwa mikono, na mkubwa wao alikuwa Jacinta, mama mnene wa sauti kubwa anayeimba sauti ya pili kanisani na kuifunika ya kwanza. Wiki ile mashine ilikuwa imemkamata mwenzao Winny kwenye mkono wa sweta. Ilimvuta mpaka bega likateguka. Kilichomwokoa ni umaskini: sweta ilikuwa ya mtumba, imechoka, ikachanika begani ikaenda peke yake. Ingekuwa mpya, Winny angekwenda nayo. Wanawake wakaweka mabonge chini, wakasema hawaigusi tena mashine ile mpaka mtu anayejua mashine aje aiangalie.

Waswa akampigia simu mtu anayejua mashine.

Sydney aliwasili karibu na saa sita mchana. Omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa, lori la mnunuzi lilikuwa limeegeshwa likingoja, na mbuta, samaki wakubwa waliovuliwa alfajiri, walikuwa wamelazwa kivulini chini ya magunia mabichi, macho yao yakianza kuingia ukungu. Waswa alikuwa anatembea huku na huku akijifuta jasho. Bila barafu samaki wale wasingefika jioni kabla ya kuoza, na bila mikono ya wanawake barafu isingepondwa. Alimpokea mkaguzi kama anavyopokelewa askofu.

"Injinia, hawa mama wamenigomea," alisema. "Waambie tu iko sawa. Wewe wakikusikia, watarudi kazini."

Sydney akavaa helmeti yake. Akasimama mahali pake pa kawaida, yaani mbali. Mashine ikawashwa, ikanguruma, akafumba macho. Wanawake walijipanga wakamtazama, wengine wamefunga mikono kifuani, Winny akiwa nyuma yao na bega limefungwa kitambaa.

"Inaongea vizuri," akasema Sydney.

"Inaongea nini?" akauliza Jacinta.

"Nimesema, mama, inaongea vizuri. Iko safe."

"Hata siku ya kukula sweta ya Winny ilikuwa inaongea hivyo hivyo tu. Haikubadilisha sauti hata kidogo. Ilikula, ikaendelea kuongea."

Wanawake waliguna. Sydney akatabasamu, lile tabasamu lake la kuwahurumia wasiosoma, akageukia nadharia yake.

"Mama, shida si mashine. Shida ni nyinyi. Mtu anakuja kazi ya mashine amevaa sweta kubwa, mikono inaning'inia. Huo ni uzembe. Mashine haikumfuata Winny kwake nyumbani."

"Yawa!" Jacinta alipiga makofi mara moja. "Sasa barafu tubebe na nini, Mzee? Na blauzi ya kanisa? Wewe shika hiyo block dakika moja tu, halafu uniambie kama hutaki sweta."

"Mimi nimekuja kukagua, sikuja kubeba."

"Umekagua saa ngapi? Hujafika hata pale."

Hapo Waswa aliingilia kati, akasema jamani, huyu ni injinia, ametoka Kisumu, hebu tumheshimu mgeni. Neno hilo la mgeni ndilo lililoharibu mambo yote. Jacinta alilidaka hewani.

"Sawa, tuongee habari ya mgeni," alisema, na sauti yake ikashuka, ikawa ya upole, jambo ambalo wenzake walijua ni la kuogopa. "Mzee Ooko, wewe ni Mjaluo, mtu wa hapa hapa kwetu. Kwenu mgeni akiletewa uji, nani anakunywa kwanza?"

"Mwenye kuleta," akajibu Sydney, bila kuona anakopelekwa.

"Kwa nini?"

"Ili mgeni aone hauna kitu kibaya ndani."

"Ero! Hapo umesema. Sasa hii uji umetuletea wewe. Wewe ndio umesema ni tamu. Bilo. Onja kwanza, sisi tuone, halafu tutakunywa yote mpaka tulambe sufuria."

Wanawake wakalipokea neno hilo kama kiitikio. Onja, Mzee. Onja kwanza. Hapakuwa na matusi, hapakuwa na vurugu. Walikuwa wanamtaka afanye kile ambacho mama yake mwenyewe alimfundisha kabla hajajua kusoma, na hapo ufuoni hakuna mtu mzima anayekataa kuonja alichokileta bila watu kujua ameweka nini ndani. Hata dereva wa lori alishuka kuja kuona.

Waswa naye, mtu wa samaki wanaoharibika, aliona njia imepatikana. "Injinia, weka block moja tu, maneno yaishe."

Sydney alitazama gari lake. Alitazama ziwa. Akavaa glovu za mtu, akapewa bonge la barafu mikononi, akaanza kutembea. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alivuka ule umbali wake, akafika kwenye mashine yenyewe, na kwa kuwa sasa ilikuwa inamhusu yeye, macho yake yalifunguka mara moja, na elimu aliyolipiwa karo ikamrudia yote. Aliona mkanda unaokimbia wazi bila kifuniko, umeungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Aliona swichi ya kuzimia imevunjika, imefungwa kwa waya wa kufungia ua. Aliona mdomo wa mashine ulivyo mfupi, kwamba mtu akisukuma bonge la mwisho vidole vinafika kwenye meno, na hakuna hata kijiti cha kusukumia. Katikati ya meno hayo kulikuwa na nyuzi za buluu, mabaki ya sweta ya Winny.

Alisimama pale. Barafu ikaanza kuyeyuka, maji yakamtiririka kifuani, yakashuka kwenye suruali mpaka ndani ya vile viatu visivyo na kamba. Bonge likamponyoka na kupasukia miguuni pake. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri kwake wangecheka.

"Izime," alisema.

Waswa alihangaika na ule waya mpaka mashine ikanyamaza. "Haya, imezima. Sasa weka mkono tu, injinia. Waone. Haina hata stima."

"Sitaweka."

"Imezima, injinia!"

"Nani amekwambia imezima?" Sydney alipiga kelele, na maneno yalipoanza kutoka hayakuzuilika tena. "Swichi umefunga na waya! Mtu akigusa huo waya itawaka na mkono uko ndani! Mkanda hauna kifuniko! Ukikatika utampiga mtu shingo! Na hiyo mdomo ni fupi, ni lazima ikule mtu, leo ama kesho, hata akivaa nini! Mimi siweki mkono yangu hapo. Siwezi. Mimi nina watoto."

Jacinta hakuwa na hasira tena usoni. Alikuwa anamtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga njiani.

"Na mikono yetu?" aliuliza.

Sydney alitazama tena gari lake.

"Sisi hatuna watoto?" Kisha akasema, "Asante, Mzee. Leo ndio umekagua. Hizo zingine zote ulikuwa unafanya nini?"

Alimgeuzia mgongo, akawaita wenzake. Wakaleta nyundo na vipande vya mbao, wakafunika mabonge kwa magunia, wakaanza kuyaponda chini, polepole, kama walivyofanya mama zao kabla ya Waswa na mashine yake. Waswa alikuwa ameshatoa simu anamtafuta fundi wa kuunda kifuniko, huku akitukana kwa Kibukusu cha kwao Bungoma. Nusu ya samaki walipona, nusu wakauzwa kwa wakaangaji wa hapo hapo. Hakuna aliyemuaga mkaguzi.

Aliendesha gari na nguo mbichi. Alipofika Bondo lile swali lilikuwa bado limekaa naye kwenye kiti cha pembeni. Zingine zote. Alianza kuzikumbuka, mashine ambazo zamani zilikuwa kwake ngurumo tu, na sasa kila moja ilikuwa na mikono ndani yake. Moja ilikataa kutoka kichwani. Ilikuwa ya kusaga mahindi kule Pap Onditi, upande wa Nyakach, inaendeshwa na msichana mmoja, Sylvia, ambaye miezi michache iliyopita alimwita kando kwa heshima, akamuuliza kama mkanda haustahili kufunikwa, maana ulishamgusa nywele. Alimjibu asuke nywele vizuri aache uzembe. Leo ilikuwa siku ya soko kule. Foleni ya mahindi ingekuwa imefika barabarani.

Namba ya mwenye mashine ile alikuwa nayo kwenye simu. Alisimamisha gari kando ya barabara, akaitafuta akaipata, akaitazama mpaka kioo kikazima. Kupiga kungekuwa kusema tena kwa kinywa chake yale aliyoyasema Usenge, na safari hii hapangekuwa na wanawake wa kumlazimisha. Alijiambia kwamba mashine ya mahindi si kama ya barafu. Alijiambia kwamba yule msichana alionekana mwerevu.

Alipofika Kisumu, barabara ya kwenda Ahero na Nyakach, hadi kwa Sylvia, ilikuwa mbele yake, kweupe, bado saa nyingi kabla ya giza. Sydney Ooko akakata kona akaingia Kaloleni, akaegesha gari, akamwambia Maryanne amchemshie maji ya kuoga.